Alex haungui moto: tunayokosea kuhusu Alexisonfire

Tuanze na jina la bendi hii, inayopiga roki kali iitwayo posti-hadikoo ya kimelodi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa kwanza. Limeandikwa kwa mkupuo mmoja bila nafasi, Alexisonfire, na kila mtu hulikata anavyoona. Wengi hukata baada ya herufi ya nne, wakampata kijana aitwaye Alex ambaye anaungua moto. Huyo Alex hayupo. Mkato sahihi uko baada ya herufi ya sita: ni Alexis. Alexis Fire lilikuwa jina la jukwaani la mwanamke wa maonyesho ya watu wazima, aliyejulikana kwa namna anavyojikunja viungo, na vijana wa bendi wakalichukua na kulipachika kineno kimoja katikati. Bendi ilipoanza kusikika, mwenye jina alitishia kwenda mahakamani. Kumbe hakuwa amelisajili kuwa alama ya biashara, na vijana wakabaki nalo.

Hiyo ndiyo dhana ndogo kuliko zote, na imedumu zaidi ya miaka 20. Zinazofuata ni nzito zaidi.

"Ni Wamarekani"

Hapana, ni Wakanada. Bendi iliundwa mwishoni mwa 2001 St. Catharines, mji wa jimbo la Ontario ulio karibu na maporomoko ya Niagara, kutokana na bendi tatu ndogo za eneo hilo zilizokuwa zimevunjika. Waanzilishi walikuwa watano: George Pettit kwenye sauti, Dallas Green na Wade MacNeil kwenye magitaa (na wote wawili wanaimba), Chris Steele kwenye besi, na Jesse Ingelevics kwenye dramu. Ingelevics aliondoka 2005, nafasi yake ikachukuliwa na Jordan Hastings.

Kosa hili linaeleweka, kwa sababu kutoka St. Catharines kufika mpaka wa Marekani ni mwendo mfupi tu wa gari. Lakini anayewaita Wamarekani anakosa nusu ya habari yao. St. Catharines ni mji wa viwanda vya magari, na wimbo wao unaojulikana kuliko karibu zote, This Could Be Anywhere in the World, unazungumzia mji huohuo ukichakaa mbele ya macho ya waliozaliwa humo.

Ukiiona albamu ya Crisis ya 2006, picha zake zimejengwa juu ya dhoruba ya theluji ya Januari 1977. Ziwa Erie lilikuwa limeganda, theluji ikarundikana juu ya barafu kwa majuma, halafu upepo ukaizoa yote na kuimwaga juu ya Buffalo na eneo zima la Niagara. Hakuna kati yao aliyekuwa na umri wa kuikumbuka dhoruba ile, ila kwao ni hadithi ya nyumbani, inayosimuliwa na wazee. Albamu hiyo iliingia sokoni Kanada ikiwa namba 1.

"Huo si muziki, ni makelele"

Hapa nitakaa kidogo. Mama mwenye nyumba niliyopanga zamani aliwahi kunigongea mlango kuuliza kama kuna mtu anapigwa ndani. Sikumlaumu. Ukisikia kwa mbali, kupitia ukutani, kinachopenya ni sauti ya Pettit peke yake, na sauti ya Pettit ni ya mtu aliyefumaniwa na nyuki.

Ila ukuta unadanganya. Kinachofanya muziki huu uitwe wa kimelodi ni kile ambacho ukuta unakizuia. Alexisonfire wana sauti tatu, na kila moja ina kazi yake. Pettit anapiga mayowe. Green ana sauti nyembamba, safi, inayopanda juu bila kutetereka. Angeweza kuimba kwaya. MacNeil yuko katikati, ana sauti nzito yenye mkwaruzo, ya mlevi mwenye akili timamu. Anayesikiliza yowe tu anasikia theluthi moja ya maongezi.

Waliokulia kwenye muziki wa dansi watanielewa haraka. Kwenye dansi, waimbaji hubeba beti na kiitikio kwa utulivu, huku rapa akisubiri chemko lifike ndipo aingie kupandisha mzuka. Kila mmoja ana zamu yake. Alexisonfire wameivunja zamu. Yowe halisubiri wimbo uchemke: linaanza mstari, Green anaingia nyuma yake na noti ndefu inayoelea juu ya maneno ya mwenzake, na mara nyingine wote wawili wanamalizia kwa maneno tofauti kwa wakati mmoja. Sikio linalazimika kuchagua limfuate nani. Ukirudia wimbo mara ya pili unamfuata yule mwingine, na ni kama umepewa wimbo mpya.

Wenyewe walipenda kujieleza kwa utani kwamba muziki wao ni sauti ya wasichana wawili wa sekondari ya Kikatoliki walio katikati ya kupigana visu. Hata jalada la albamu yao ya kwanza, ya 2002, lina wasichana hao. Kama utani, unachekesha. Kama maelezo ya ufundi, sijaona yaliyoupata muziki wao vizuri hivyo: sauti mbili, hasira moja, na sare imepigwa pasi.

Halafu kuna magitaa. Bendi nyingi za roki huliacha gitaa moja likokote kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), la pili likapamba. Kwa Green na MacNeil kila gitaa linatembea na mstari wake, mistari inapishana na kujibizana, na mara nyingi melodi ya wimbo iko kwenye gitaa muda mrefu kabla mtu hajafungua kinywa. Ukitaka kujua kama wimbo wa posti-hadikoo una melodi, ondoa waimbaji kichwani mwako, usikilize kilichobaki. Hapo kitabaki kitu unachoweza kukipigia mluzi.

"Anayepiga mayowe hivyo atamaliza koo"

Anaweza, akikosea. Lakini yowe la muziki na yowe la mtu aliyekanyaga msumari si kitu kimoja. Mwimbaji aliyefundishwa haachi nyuzi za sauti zigongane kwa nguvu zote. Anasukuma pumzi kwa kiasi kutoka chini, kwenye kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, na ule mkwaruzo anautengeneza kwa kutikisa mikunjo iliyo juu ya nyuzi zenyewe. Kipaza sauti ndicho kinachofanya kazi ya ukubwa. Ukisimama karibu na mwimbaji mzuri wa aina hii bila mashine, utashangaa sauti yake si kubwa kama ulivyodhani. Kuna walimu wa kazi hii. Melissa Cross wa New York alitoa video ya mafunzo 2005, na waimbaji wengi wa mayowe wamepita mikononi mwake.

Hilo halimaanishi kwamba vijana wote wa miaka ile walijua wanachofanya. Wengi walijifunzia jukwaani, na koo zao zililipa. Pettit mwenyewe alikuja kubadilika: kwenye Old Crows/Young Cardinals ya 2009 yowe lake limeshuka likawa karibu na uimbaji wa ukali, lina noti ndani yake, na maneno yanasikika bila kushika karatasi. Wapo mashabiki waliosema amelainika. Mimi naona ndipo alipoanza kuwa mwimbaji kamili.

"Basi ni hevi metali", au "basi ni emo"

Hevi metali ina ukoo wake na posti-hadikoo ina wake. Posti-hadikoo imetoka kwenye panki, roki fupi ya ghadhabu isiyo na mapambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Washington DC ilikuwa na bendi za hadikoo, yaani panki iliyoharakishwa mpaka wimbo unakwisha kabla ya chai kupoa, na Minor Threat ndiyo iliyojulikana zaidi. Kufikia 1985 baadhi ya vijana wa mji huo walichoka na mwendo huo mmoja, na hasa na ngumi za kwenye kumbi. Bendi ya Rites of Spring ikatoa albamu yake mwaka huo kupitia lebo ya Dischord, ikiimba mambo ya moyoni kwa kasi ileile. Muda mfupi baadaye ikaja Fugazi, ya Ian MacKaye aliyekuwa Minor Threat, pamoja na Guy Picciotto aliyekuwa Rites of Spring. Humo ndimo ukoo ulimoanzia: nguvu ya hadikoo ikabaki, sheria zake zikatupwa.

Kwa hiyo jina "posti" halisemi kwamba hadikoo ilikufa ikazikwa. Hadikoo ipo mpaka leo. Linasema tu kwamba hawa walipita mlango uleule wakaendelea kutembea. Refused wa Sweden 1998, At the Drive-In wa El Paso 2000, halafu Thursday wa New Jersey 2001: kila mmoja aliongeza chumba kwenye nyumba hiyo, na Alexisonfire waliingia ikiwa tayari ina vyumba vingi.

Neno emo, la roki ya hisia za moyoni, nalo lilianza kubandikwa kwa Rites of Spring, na Picciotto hakulipenda hata siku moja. Tuliache hapo. Ugomvi wa emo ni nini hauna mshindi, na watu wameupoteza ujana wao humo.

Ukitaka ushahidi wa nyumbani kwao: tuzo za Juno, ambazo ndizo kubwa za muziki Kanada, ziliwapa Alexisonfire tuzo ya kundi jipya la mwaka 2005, na 2023 zikawapa tuzo ya albamu bora ya roki. Tuzo hizohizo zina kipengele tofauti cha hevi metali.

"Dallas Green ndiye bendi, na ndiye aliyeiua"

Hii ndiyo inayoniudhi, kwa sababu ina punje ya ukweli na watu wameikuza ikawa gunia.

Green ana kazi nyingine iitwayo City and Colour, ya gitaa la kawaida na sauti ya chini, muziki wa kusikiliza mvua ikinyesha. Kuna wanaodhani City and Colour ni bendi nyingine. Ni yeye mwenyewe: aliona haya kutoa albamu kwa jina lake, akalitafsiri, kwa kuwa Dallas ni mji na Green ni rangi. Na kwa kuwa muziki huo umemfikisha mbali zaidi (hata akafanya albamu nzima na mwimbaji Pink mwaka 2014), hadithi ikazaliwa kwamba alikuwa malaika aliyenaswa kwenye bendi ya wapiga kelele, akatoroka, bendi ikafa.

Sasa tazama miaka. Albamu ya kwanza ya City and Colour, Sometimes, ilitoka 2005. Ilitolewa na Dine Alone, lebo iliyoanzishwa mwaka huohuo na Joel Carriere, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa Alexisonfire. Maana yake kazi hiyo ya upole ilizaliwa ndani ya nyumba, mikononi mwa watu walewale. Crisis ilitoka mwaka mmoja baadaye. Albamu ya pili ya City and Colour ilikuja 2008, na Old Crows/Young Cardinals ikafuata 2009. Kwa miaka sita Green alikuwa na miguu miwili kwenye mitumbwi miwili, na mitumbwi yote ilikuwa inaenda.

Hatimaye alichoka, hilo ni kweli, na aliwaambia wenzake kwamba anataka kuondoka. Waliobaki hawakukunja virago hapohapo. Walifikiria kuendelea bila yeye. Ndipo MacNeil naye akachukuliwa na Gallows, bendi ya panki ya Uingereza iliyokuwa imempoteza mwimbaji wake Frank Carter. Magitaa yote mawili yakawa yameondoka, na pamoja nayo sauti mbili kati ya tatu. Agosti 2011 Pettit akautangazia umma kwamba wamevunja bendi, na hakujaribu kuficha kwamba wameachana kwa uchungu.

Wakaaga Desemba 2012 kwa maonyesho ya London, Australia, Brazili na nyumbani Kanada, ya mwisho yakiwa Hamilton tarehe 30. Pettit, mpiga mayowe wa bendi yenye moto kwenye jina lake, akaenda kuwa zimamoto. Sijatunga.

"Waliorudi ni kivuli tu"

Walirudi 2015 kwa matamasha makubwa ya majira ya joto, na kwa miaka kadhaa wenye dhana hii walikuwa na hoja, maana hakukuwa na wimbo mpya. Wimbo wa Familiar Drugs ulipotoka Februari 2019 hoja ikaanza kuvuja. Juni 2022 ikaja Otherness, albamu nzima ya kwanza baada ya miaka 13, na waliopiga ni walewale watano wa tangu 2005.

Ni albamu ya wanaume wa umri wa makamo, na haifichi hilo. Nyimbo zimepunguza mbio. Green anaimba kwa nguvu zaidi kuliko alivyokuwa akiimba akiwa kijana, Pettit anapiga mayowe machache na kila moja lina mahali pake, MacNeil amepewa nafasi kubwa kuliko zamani. Wimbo wa mwisho, World Stops Turning, unachukua kama dakika nane, na sehemu kubwa yake ni magitaa yanayotembea polepole kama wimbi linalotoka.

Anayetaka kuanza kusikiliza, asianze na albamu ya 2002. Ni mbichi, imerekodiwa kwa haraka ya ujana, na itampa mama mwenye nyumba sababu ya kugonga. Aanze na Crisis, avae spika za masikioni, na mara ya kwanza amfuate Green tu. Mara ya pili amfuate Pettit.