Askari mtoto wa Dar es Salaam aliyekwenda Berlin kudai mshahara

Kwa miaka mingi ya kusoma nyaraka za utawala wa Wajerumani nimeona kwamba mtu wa kawaida huingia katika faili anapodai haki yake au anapokamatwa, na siku zake nyingine hupita bila kuandikwa. Hivyo ndivyo tunavyomfahamu Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, ambaye huko Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka kumi tu, naye akaingia jeshini. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza. Wajerumani wakaondoka Tanganyika na deni lao. Yeye akatafuta riziki melini, na mwaka 1929 akafika Berlin, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake na wa baba yake, akajibiwa kwamba amechelewa. Hapo huwa nasita kuendelea kusoma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mtoto yule kwamba yeye ni mdogo mno kupigwa risasi.

Alibaki Berlin. Alihudumia meza katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Tarehe 27 Januari 1933 alioa mwanamke Mjerumani, siku tatu kabla ya Hitler kuwa chansela. Ni rahisi kuisoma ndoa hiyo kama mwanzo wa msiba, lakini mimi siisomi hivyo, kwani siku ile alikuwa kijana anayeanza nyumba yake. Baadaye akaomba nishani waliyopewa wapiganaji wa vita vile, akanyimwa.

Wasomaji huniuliza aliwezaje kupata kazi chini ya serikali iliyomdharau kwa rangi yake. Sababu ni kwamba Wajerumani wengi bado walitamani kurudishiwa makoloni, na kwa ndoto hiyo walihitaji lugha yake na sura yake mbele ya kamera. Katika filamu ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, yeye ndiye aliyeigiza kama mfuasi wake Mwafrika.

Mwaka huohuo alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba, lisilozidi upana wa kiganja, lililopachikwa njiani mbele ya nyumba namba 193 katika mtaa wa Brunnenstraße, mahali alipokuwa akiishi.