Riwaya kwa mwezi mmoja: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Kila Novemba ikikaribia, wapenda uandishi hapa Mombasa huulizana kama kweli mtu anaweza kumaliza zoezi la NaNoWriMo (kifupi cha jina la Kiingereza, yaani Mwezi wa Kitaifa wa Kuandika Riwaya): kuandika maneno 50,000 ya riwaya kwa siku 30. Anaweza. Wengi huvunjwa moyo na mambo waliyoyasikia kabla hata hawajashika kalamu.

"Ni mashindano." Hakuna jaji wala nafasi ya kwanza. Chris Baty alianzisha zoezi hili eneo la San Francisco mwezi wa Julai 1999, washiriki wakiwa 21 tu. Ukifika 50,000 umeshinda, na jirani yako akifika naye ameshinda. Shirika la NaNoWriMo lililokuja kulisimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga, na wako walioamini kuwa zoezi limekufa nalo. Halijafa. Linahitaji kalenda, na rafiki wa kukuuliza kila jioni umefika wapi.

"Lazima iwe Novemba." Mbona la kwanza lilikuwa Julai? Lilihamishiwa Novemba mwaka 2000 kwa sababu huko kwao hali ya hewa wakati huo huwafungia watu ndani. Kwetu mvua kubwa ni za masika, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Novemba kuna joto, kuna vuli, na mwenye mtoto wa kidato cha nne ana mtihani wa KCSE kichwani. Mimi ningechagua Mei.

"50,000 ni 50,000 kwa kila lugha." Hili halizungumzwi vya kutosha. Kipimo hicho kilipangwa na watu wanaoandika Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja, tuseme "nilimwandikia", kimeshabeba mtendaji, wakati na mtendewa, na hesabuni ni neno moja. Kwa hiyo hadithi ile ile kwa Kiswahili huwa na maneno machache zaidi. Kwa maoni yangu, mwandishi wa Kiswahili akijiwekea 40,000, yaani kama 1,330 kwa siku badala ya 1,667, hajapunja kitu.

"Bila kompyuta na chumba cha peke yako, usijaribu." Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Simu yako inatosha. Daftari pia linatosha: hesabu maneno ya ukurasa mmoja, zidisha kwa kurasa ulizojaza.

"Kiswahili kiwe sanifu tangu ukurasa wa kwanza." Dhana hii ndiyo inayoua riwaya nyingi hapa kwetu, na inaniuma. Tumelelewa na insha za kalamu nyekundu, basi mtu huandika sentensi, akaifuta, akaiandika tena, na wiki ikaisha yuko ukurasa wa pili. Rasimu ya mwezi mmoja haina msahihishaji. Mhusika wako akiwa bibi wa Kibokoni, Mji wa Kale, mwache aseme "yuwaja" (anakuja), aseme "ndia" (njia) na "mato" (macho), maana ndivyo asemavyo barazani kwake. Ukimlazimisha azungumze kama msoma habari, atakufia mkononi kabla ya sura ya tatu. Neno limekukimbia? Piga mstari, songa mbele. Umesahau mjomba wa shujaa alikuwa baharia au mchukuzi wa bandarini? Chagua moja, songa mbele. Kusawazisha kuna wakati wake, nao ni baada ya siku ya 30. Tena hata siku hiyo ikifika, usiwanyang'anye wahusika Kimvita chao, lahaja ya Mombasa. Safisha masimulizi, mazungumzo yaache na ladha yake.

"Usipofika mwisho, mwezi umepotea." Mwenye maneno 18,000 ana sehemu kubwa ya riwaya ambayo mwezi uliopita haikuwapo. Aendelee mwezi unaofuata.

"Ukimaliza, kitabu tayari." Hapana, na hapa ni heri kusema wazi. Ulicho nacho ni rasimu. Iweke kando wiki kadhaa, kisha umsomee kwa sauti mtu asiyekuonea haya. Atakapoanza kuangalia simu yake, tia alama pembeni. Andika upya, hata kama itachukua mwaka. Ukishafika hapo, Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Soma masharti yao ya mwaka husika kabla hujatuma.