Mbio za kwanza zisitokee: kumzoesha paka mzima na mbwa mzima nyumba moja

Nilipigiwa simu saa moja asubuhi na kijana mmoja wa Tabata. Juzi yake mama yake alikuwa amehamia kwake kutoka Tanga, na amekuja na paka wake wa miaka 7, jike, anaitwa Pusi. Pale nyumbani kuna mbwa wa ulinzi, dume la miaka 4, anaitwa Jeki. Waliposhuka tu kwenye bajaji, tenga la paka likawekwa uwanjani na kufunguliwa ili wanyama wasalimiane. Pusi alichomoka, Jeki akamtoka nyuma, na tangu saa ile paka yuko juu ya mnara wa tanki la maji. Hashuki, hali.

"Shikamoo mama," nilimwamkia nilipofika.

"Marahaba mwanangu. Nishushie Pusi wangu, maana silali."

Alikuwa na haki ya kukosa usingizi. Mbwa anaweza kususa chakula siku mbili na asidhurike. Paka, hasa aliyenona, akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini likijaa mafuta, fizi na macho hugeuka manjano, na matibabu yake ni marefu. Kwa hiyo jioni ile kijana alimtoa Jeki nje ya geti, mimi nikapanda ngazi na taulo nzito, tukamshusha Pusi na kumpeleka moja kwa moja chumbani kwa mama. Alipolamba supu ya samaki kidogo usiku ule, mama alinipigia simu kunishukuru kama vile nimemponya mtu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila nyumba ninayoitwa imefanya kosa lilelile, na imelifanya kwa nia njema. Watu hudhani wanyama hutambulishwa kama wageni wanavyotambulishwa sebuleni, uso kwa uso. Kwa paka na mbwa waliokwisha kukomaa, macho ndiyo huja mwisho. Pua ndiyo huanza. Na katika yote utakayofanya, kubwa ni moja: mbio za kwanza zisitokee.

Mbwa ana hulka ya kufukuza kinachokimbia. Hahitaji hata kukikamata, zile mbio zenyewe ndizo tamu kwake. Akishamfukuza paka mara moja, kichwani mwake paka amekuwa kitu cha kufukuzwa, na paka naye amejifunza kuwa mbwa ni kifo. Kuanzia hapo humfundishi tena mnyama jambo jipya, unamfutia la zamani, na kufuta ni kazi ngumu kuliko kuandika. Paka huzoea viumbe wengine kwa wepesi akiwa na umri wa majuma 2 hadi 7, mbwa kuanzia majuma 3 hadi 12 hivi. Pusi na Jeki wameupita umri huo miaka mingi. Inawezekana kabisa kuwazoesha, nimeona kwa macho yangu, ila hesabu majuma na miezi, usihesabu siku.

Chumba cha mama kikawa cha Pusi. Chakula na maji upande mmoja, beseni la mchanga wa choo upande wa pili, maana paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Boksi la kujificha, na nafasi juu ya kabati. Paka mwenye pa kupanda hutulia; asiye na pa kupanda hupigana. Jeki aliendelea na ratiba yake bila kubadilishiwa kitu: ugali wake saa ileile, matembezi yake yaleyale. Niliwaomba wasimfunge mnyororo kutwa nzima kwa sababu ya mgeni. Mbwa aliyefungwa akimwona paka akipita hujaa hasira, na hasira ile huihusisha na paka.

Kisha nikamwomba mama kanga kuukuu. Tuliipasua vipande viwili. Kimoja tulimfuta Pusi mashavuni, kwa sababu huko ndiko paka ana tezi za harufu anayoipaka kwenye vitu anavyoviona vyake. Kingine tulimfuta Jeki mgongoni na shingoni. Tukabadilishana: cha paka chini ya bakuli la mbwa, cha mbwa chumbani kwa paka, na dagaa wa kuchemshwa bila chumvi juu yake. Siku ya kwanza Pusi alikifokea kile kitambaa, manyoya yamesimama, akaenda kulala mbali. Siku ya tano alinyoosha shingo akavuta dagaa mmoja, akakimbia nalo chini ya kitanda. Siku ya tisa mama alimkuta amekilalia. Hapo ndipo nilipowaambia tuendelee. Kalenda haikuniambia kitu, kitambaa ndicho kilichoniambia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kula pande mbili za mlango uliofungwa, mabakuli yakisogezwa karibu kidogo kila siku. Jeki akitoka matembezini, Pusi alifunguliwa azunguke sebuleni na jikoni anuse kila kona.

Nyumba zetu nyingi zina mlango wa grili nyuma ya mlango wa mbao, na sijaona kifaa kinachofaa kazi hii kuliko huo. Tuliufunika kwa shuka, tukawa tunaipandisha kidogo kidogo, kwanza waone miguu, kisha miili. Jeki alikuwa nje, amefungwa kamba mkononi mwa kijana.

Hapa naomba usome taratibu. Watu humwogopa mbwa anayebweka. Mimi namwogopa anayenyamaza. Jioni ile, hatua nne kutoka kwenye grili, Jeki alifunga mdomo, mwili ukakaza, masikio mbele, macho yamemganda Pusi. Uzi wa mate ulining'inia mdomoni naye hakuulamba. Kijana alimwita mara tatu. Ni kama hakuna aliyeita. Mbwa wa namna hiyo hashangai, anawinda. Tulimrudisha nyuma hadi chini ya mwembe, hatua kumi na zaidi, tukamwita tena. Lilianza kugeuka sikio moja, kisha kichwa. Papo hapo akapewa kipande cha nyama. Jioni ya kwanza tuliishia hapo, dakika tano tu. Kazi ilikuwa kumfundisha kwamba akimwona paka kisha akamgeukia bwana wake, kuna nyama. Zile hatua kumi tulizipunguza kwa muda wa majuma matatu.

Wanyama hawa pia husemezana lugha mbili. Mbwa akiinamisha miguu ya mbele na kuinua matako anaomba mchezo. Paka huona anavyoinama mnyama anayetaka kuruka. Paka akipiga mkia huku na huku amekasirika, mbwa akadhani anafurahiwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha kazi kuhusu paka na mbwa wanaoishi nyumba moja, wakaonyesha kwamba wengi wao hujifunza ishara za mwenzao, na kwamba mambo huwa mepesi paka akiwa ndiye aliyetangulia nyumbani. Kwa Pusi ilikuwa kinyume: yeye ndiye mgeni. Ndiyo maana sikutaka tukimbilie.

Walipokutana sebuleni bila grili, Jeki alikuwa na kamba na Pusi alikuwa huru. Usimshike paka mikononi ukimpelekea mbwa. Akishtuka atapanda juu yako kwa makucha, na jino la paka hutoboa ndani sana. Ukiumwa au kukwaruzwa na yeyote kati yao, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali. Wachanje wote wawili kichaa cha mbwa kila mwaka. Naona nyumba nyingi humchanja mbwa na kumsahau paka.

Lipo jambo jingine linaloniuma. Mbwa wetu wana kupe, na tunanunua dawa duka la mifugo bila kusoma kilichoandikwa. Ukiona neno permethrin kwenye chupa ya matone ya mbwa, jua kwamba ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Paka akimlalia mbwa aliyetoka kupakwa, au akijilamba baada ya kumgusa, huanza kutetemeka, kisha degedege, na anaweza kufa. Amitraz, inayotumika sana kuogeshea mbwa, nayo si salama kwa paka. Mwambie muuzaji una paka nyumbani, uliza dawa inayowafaa wote, na kama umeshampaka mbwa matone ya permethrin, watenganishe siku tatu. Kadhalika paka dume akiwa na hofu ya muda mrefu anaweza kuziba mkojo. Ukimwona anaingia na kutoka kwenye beseni bila tone, usisubiri kesho, mpeleke siku hiyohiyo.

Wapo mbwa ambao siwashauri kabisa. Mbwa aliyewahi kuua paka simwingizi katika majaribio haya, hata mwenye nyumba akinisihi. Hapo nashauri paka atafutiwe nyumba nyingine.

Juma la kumi na moja nilipita Tabata jioni. Jeki alikuwa amelala kwenye kizingiti cha jikoni, bila kamba. Pusi alitokea koridoni, mkia umesimama wima, akasimama hatua mbili kutoka kwake. Jeki alifumbua jicho moja, akamtazama, kisha akageuzia kichwa ukutani na kushusha pumzi. Pusi alimruka, akaenda zake miguuni kwa mama aliyekuwa anapara samaki. Usiku grili bado hufungwa.