Amepona au anapona? Hebu tuelewane

Siku tulimrudisha Mzee nyumbani Buruburu, hata hajaketi vizuri, Anti mmoja alikuwa ashaandika kwa grupu ya familia: "Mungu ni mwema, Mzee AMEPONA." Herufi kubwa hivyo hivyo. Nusu saa baadaye ziko ameni kama arobaini hapo chini, na kufika jioni simu zishaanza, sasa vile amepona atakuja lini kuona ile shamba, vile amepona si akuwe mwenyekiti wa kamati ya harusi, vile amepona Jumamosi tunakuja na mbuzi. Mtu alipasuliwa kifua kwa operesheni ya moyo wiki moja tu iliyopita, hawezi kukohoa bila kukumbatia mto, lakini kwa grupu ashapona kitambo. Na si Anti peke yake, hii neno nimeisikia ikitumiwa hivyo mara nyingi sana hadi nikaona wacha nikae chini niandike.

Kupona ni kufika pale ambapo ugonjwa umeisha au kidonda kimefunga, na mwili umerudia kazi yake. Ni hivyo tu, hapo hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na hako ka "me" kamekaa hapo katikati ya "amepona".

Ukiniambia mtu amefika, hayuko njiani tena. Ameoga, taulo iko begani. Amepona, basi stori imeisha, mpe jembe. Ndio maana watu wanaanza kumwitisha vitu! Sasa shemeji yangu, mtu wa kupenda ubishi, akaniuliza: kwani "amelala" si mtu bado yuko usingizini? Kwa hivyo "amepona" pia inaweza kuwa mtu yuko ndani ya kupona. Nakubali hiyo ilinisumbua siku mbili. Lakini angalia, usingizi mlango wake uko mwanzo, ukishaingia tu umelala, zile saa zingine ni za kubaki ndani. Kupona mlango wake uko mwisho. Kabla ufike huo mlango wewe unapona, na unaweza kupona wiki baada ya wiki bila kuwa umepona. Shemeji hakujibu, akaitisha chai.

Na kama tumeshika lugha wacha niendelee kidogo, hapa ndio pananifurahisha. Kupona na kupoa ni maneno yamekaa nyumba moja miaka mingi. Kamusi za zamani zinakwambia si chai peke yake inapoa, hata mgonjwa alikuwa anapoa, yaani joto la ugonjwa linashuka pole pole. Na hiyo "pole" yenyewe unaiona iko karibu hapo. Wale mnajua Kikuyu mnaiona jozi ile ile wazi kabisa, manake P ya Kiswahili kule mara nyingi ni H: kupona ni kuhona, kupoa ni kuhora, moto ukizimika umehora, na kwenda polepole ni kwenda kahora. Kwa hivyo kijana wa hapa mtaani akisema "niko poa" anafikiria anaongea sheng kumbe anaongea kama nyanya yake.

Halafu kuna maana nyingine ya kupona ambayo inampa Anti nusu ya haki, na lazima nimpe. Kupona pia ni kutoka kwa hatari ukiwa hai. Matatu ikianguka tunasema watano walipona, hata kama wote wamevunjika miguu. Ndio hiyo hiyo ya kuponea chupuchupu. Kikuyu ina kuhona, halafu ina kuhonoka ambayo kwa kanisa ndio kuokoka. Kwa hiyo maana, Mzee alipona siku ile ile ya operesheni, pale daktari alitoka akatuambia moyo umerudi kupiga. Kama Anti alimaanisha hivyo, sawa, ameni hata mimi niweke. Lakini Anti hakumaanisha hivyo, Anti alikuwa anaulizia mbuzi.

Neno alikuwa anatafuta ni nafuu. Nafuu ni ya Kiarabu, boma moja na manufaa na kunufaika. Fikiria bei nafuu: bei nafuu si bure, ni bei imepungua. Sasa mgonjwa aliyepata nafuu bado analipa, ni vile tu leo analipa kidogo kuliko jana. Iko pia ahueni, nayo imetoka Kiarabu, ni wepesi, mzigo umepunguzwa kilo kadhaa lakini bado uko kichwani. Watu wa Pwani wanatumia haya maneno vizuri sana, sisi Nairobi tumeyaacha, tuko na mawili tu: "ni mgonjwa" na "amepona". Katikati hapo hatuna kitu, na katikati ndio Mzee anaishi saa hii.

Hata jina la operesheni yenyewe linachanganya watu. Baipasi. Mtu wa Nairobi akisikia baipasi anafikiria Southern Bypass, na kusema ukweli hajakosea. Mombasa Road ikijaa unapewa njia ya kuzunguka, na Mombasa Road inabaki na jam yake. Moyo ni vile vile, daktari anachukua mshipa wa mguu, na mwingine hapo ndani ya kifua, anashona njia mpya inaruka mahali pameziba. Hapo pameziba hapaguswi. Ni wazo lile lile tangu René Favaloro, yule daktari wa Argentina, alipoanza kutumia mshipa wa mguu akiwa Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Kwa hivyo kile kinapona ni majeraha ya operesheni. Ule ugonjwa wa kuziba mishipa haujapona, umezungukwa, na ndio maana akaandikiwa aspirini na dawa ya kolesteroli za kumeza maisha yote, na sigara ikaisha, na chumvi ikashushwa.

Nikirudi kwa kupoa kidogo. Ili washone hiyo mishipa walisimamisha moyo, mashine ikashika kazi ya kusukuma damu, na moyo wenyewe mara nyingi husimamishwa na maji ya baridi sana yenye potasiamu. Yaani walimpoza ndio apone. Mimi nilipoambiwa hivyo kwa korido nilicheka peke yangu, sista akaniangalia vibaya.

Alipoamka ICU alikuwa na paipu kooni, hawezi kuongea, paipu zingine zinatoa damu na maji kifuani, na waya nyembamba zimetoka chini ya mbavu za kusaidia moyo ukizubaa. Paipu ya koo walitoa siku ya pili, sauti ikabaki ya mkwaruzo siku kadhaa. Usiku huo aliniambia kwa siri kwamba manesi ni kanjo, wale askari wa kaunti, na wamemshika juu ya kuuza mahindi bila laisensi. Mzee hajawahi kuuza mahindi. Ilinitisha, lakini daktari akasema ni kawaida kwa mtu mzima baada ya operesheni kubwa kama hiyo, akili huchanganyikiwa siku chache halafu inajirudia, kazi yenu ni kumkumbusha siku ni gani na mumpee miwani yake.

Siku hiyo hiyo wakamkalisha kwa kiti. Mama akataka kupigana, mtu ameshonwa jana anakalishwa aje? Lakini ndio dawa, ukilala tu mapafu yanajikunja chini na damu inaganda miguuni. Wakampa na kale kadude ka plastiki ka mipira mitatu, na hapo binamu yangu akawa anamwambia "puliza, puliza!" siku mbili nzima, kumbe haipulizwi, inavutwa, unavuta pumzi ndani taratibu mipira ipande. Siku ya tatu moyo ukaanza kupiga bila mpango, haraka haraka halafu unaruka. Hiyo nayo tuliambiwa huwapata wengi, kama mtu mmoja kati ya watatu au wanne waliopasuliwa moyo, na mara nyingi inatulizwa na dawa. Siku ya nane akaruhusiwa.

Kuruhusiwa! Hata hii neno watu hawaisikilizi. Si inasema yenyewe? Mtu ameruhusiwa, amepewa ruhusa. Daktari hajasema umepona, amesema kile kimebaki unaweza kukifanyia kwenu, na hospitali iko na wagonjwa wengine wanangoja hiyo kitanda.

Na kile kimebaki ni kingi. Mfupa wa katikati ya kifua ulikatwa na msumeno, ukarudishwa ukafungwa na waya za chuma, na mfupa hauna haraka na mtu, unataka wiki 6 hadi 12. Kwa hiyo wakati wote hakuna kubeba kitu kizito, Mzee aliambiwa kilo 4 hivi, yaani pakiti mbili za unga basi. Hakuna kusukuma geti, hakuna kuendesha gari, hakuna kujivuta kwa mikono ukitoka kitandani, unageuka ubavu miguu inashuka kwanza. Na tafadhali hakuna kudandia matatu, ule mkono mmoja kwa mlango na makanga anakuvuta na ule mwingine, hiyo ni njia ya kufungua kifua mara ya pili. Hata salamu. Kuna mjomba alikuja akampa ile salamu ya kuvuta mtu kifuani, Mzee akapiga nduru majirani wakatoka.

Mambo madogo ndio watu hawakutuambia. Chakula kilikosa ladha wiki tatu, chai anasema inakaa chuma. Usiku analoa jasho. Mguu walitoa mshipa ulivimba kuliko kifua. Alisahau PIN ya M-Pesa ambayo ameitumia miaka yote, na siku moja akalia akiangalia habari, habari ya bei ya kahawa, na huyu ni mtu sijawahi kumwona akilia hata matangani. Daktari kwa kliniki akasema huzuni baada ya operesheni ya moyo ni kitu inajulikana, isipoisha wiki mbili tatu mseme, msimwambie ajikaze. Na kila asubuhi anapanda mizani kabla ya chai, manake uzito ukiruka kilo 2 kwa siku chache hiyo si ugali, ni maji yanajaa mwilini, unapiga simu. Kama kidonda kinatoa usaha, kama joto linafika 38, kama ukisonga unasikia mfupa wa kifua unalia "ta", pia unapiga simu, hungoji kliniki.

Hii si mambo ya sarufi tu, nawaambia. Kuna msichana plot ya jirani alibadilishiwa valvu, yaani ule mlango wa ndani ya moyo, akawekewa ya chuma, moyo wake uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile huanza na koo ya utotoni isiyotibiwa. Watu wa kwao wakamwambia kwani umepona na bado unameza dawa? Akaacha warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Valvu ya chuma bila warfarini damu inaganda juu yake, na hilo donge likitoka linaenda kwa ubongo. Alirudishwa wodi na mkono mmoja hausongi. Mkono umerudi, Mungu saidia, na sasa anapima damu yake vile anatakiwa na anakula sukuma wiki kiasi kile kile kila wiki, hakuachishwa sukuma kama wengi wanavyodhani, aliambiwa tu asibadilishe badilishe, manake vitamini K ya mboga inavutana na hiyo dawa. Lakini yote ilianza na neno moja la watu wenye nia nzuri.

Kwa hivyo Anti, na nakuheshimu sana, ile ujumbe najua dakika za kuirekebisha zishapita. Andika tu ingine hapo chini: Mzee amepata nafuu, anaendelea kupona. Hata ukiweka herufi kubwa ni sawa. Leo ni wiki ya tano, ametembea hadi kwa stage na kurudi akipumzika mara moja tu njiani, na ukimuuliza amepona anakujibu "kahora". Mbuzi mwacheni kwanza anenepe, na akija siku ile, chumvi yake mtuwachie sisi.