Yukta si "kidogo kidogo"

Mara ya kwanza nilisikia darasani, nikanyamaza. Mara ya pili ilikuwa harusini Upanga, kwa bwana mmoja aliyeshika glasi, nikacheka tu. Mara ya tatu ni wiki iliyopita. Mwalimu wetu wa yoga ameketi kwenye mkeka, miguu kaikunja, anatuambia kwa sauti ile ya kubembelezea watoto: "Gita haikatazi pombe, jamani. Gita inasema yukta. Yukta ni kiasi. Ukinywa zako mbili ukaenda kulala, wewe ni yogi." Watu wakacheka. Mama mmoja wa mstari wa nyuma akaitikia, "Amina!" Basi naandika.

Yukta ni neno la Kisanskriti. Maana yake ni aliyefungwa pamoja na kitu, aliyeunganishwa, na kutoka hapo: kinachofaa, kilichokaa mahali pake. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mara nyingi linamtaja mtu ambaye nafsi yake ameishika. Maana imekwisha, haina fumbo. Kinachonikera ni safari ya kutoka hapo mpaka kwenye chupa mbili.

Mzizi wa neno ni yuj, kufunga nira. Waliotunga Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, walikuwa watu wa farasi na magari ya kukokotwa, na mzizi huu unanukia zizi: mnyama anatolewa, anawekwa chini ya mti wa nira, anafungwa, gari linaondoka. Yoga imetoka humo humo. Yoga ni kule kufunga, yukta ni yule aliyefungwa. Katha Upanishad, andiko jingine la kale, inaichora picha nzima. Mwili ni gari, nafsi ndiye abiria mwenye gari, akili inayopambanua ni dereva, moyo unaowaza ni hatamu, hisi ni farasi. Mwenye kupambanua, ambaye moyo wake daima ni yukta, hisi zake humtii kama farasi wazuri wanavyomtii dereva. Asiye hivyo, farasi wanampeleka wanakotaka.

Hebu sasa tia "kiasi" hapo, kwa tafsiri ya mwalimu wangu. Utapata mtu "mwenye akili kiasi". Kwa Kiswahili hilo ni tusi, tena la kumwambia mtu mbele ya wakwe zake. Au chukua sura ya 6 ya Gita, mungu Krishna anapomwagiza mpiganaji Arjuna jinsi ya kukaa kwa ajili ya kutafakari: aketi akiwa yukta, lengo lake likiwa Mimi. Aketi kidogo? Aketi kwa kiasi, kisha ainuke aende zake?

Lakini kosa hili halikuanzia kwa mwalimu. Limeanzia kwenye neno letu wenyewe. Kiasi tumelitoa kwenye Kiarabu, qiyas, kupima kitu kwa kitu kingine. Wanafunzi wa fiqhi wanalijua kama jina la hoja ya kulinganisha, na cha ajabu ni kwamba mfano wanaofundishiwa mara nyingi ni wa kilevi: kama mvinyo umeharamishwa kwa sababu unalevya, basi na kingine chenye kulevya hukumu yake ni hiyo hiyo. Neno lilipozoea Kiswahili likazaa maana tatu. Kuna kiasi cha dukani: "kiasi gani hiki?" Kuna kiasi cha kupunguza: "Kifaransa anakijua kiasi," yaani akiulizwa njia ataelekeza, akiulizwa siasa atanyamaza. Na kuna kiasi cha kanisani, kile kinachofunga orodha ya tunda la Roho katika Wagalatia, "upole, kiasi", ambapo maana yake ni kujitawala. Aliyeitafsiri yukta kwa "kiasi" huenda alikuwa na ile ya tatu kichwani, na hapo simlaumu, imekaribia sana. Msikilizaji akasikia ya pili. Mwenye baa akapimia ya kwanza.

Na Kisanskriti hakikukosa neno la kiasi cha kupima. Linaitwa mita, kutoka mzizi wa kupima. Kwenye vitabu vya hatha yoga kuna mitahara, chakula cha kipimo, na maelezo yake ni ya mpishi hasa: chakula kiwe laini, kitamu, na robo ya tumbo iachwe tupu. Hii imo katika Hatha Yoga Pradipika ya Svatmarama, kitabu cha karne ya 15 ambacho walimu wa yoga hawachoki kukitaja. Wangeendelea kifungu kinachofuata tu. Baada ya kusema kuhusu robo ya tumbo, Svatmarama anaorodhesha visivyomfaa yogi: vichungu, vichachu, vikali, vyenye chumvi nyingi, mafuta ya ufuta, haradali, samaki, nyama ya mbuzi, na madya. Madya ndiyo pombe. Kwa hiyo mtu aliyefundisha kipimo, kwa neno lenyewe la kipimo, pombe hakuipimia. Aliitoa mezani.

Turudi kwenye Gita, sura ya 6, beti za 16 na 17, maana ndiko mwalimu anakochota. Ubeti wa 16 unasema yoga si ya mtu anayekula kupita kiasi, wala asiyekula kabisa. Si ya mwenye kulala mno, wala ya anayekesha. Wa 17 unasema yoga huondoa majonzi ya mtu ambaye ni yukta katika kula na kutembea kwake, yukta katika kazi zake, yukta katika kulala na kuamka. Hesabu: chakula, matembezi, kazi, usingizi, kuwa macho. Kinywaji hakimo. Na hivyo vilivyomo vyote ni vitu ambavyo mwili ukivikosa unakufa au unaharibika, ndiyo sababu Krishna anazikemea pande mbili, kuzidisha na kuacha kabisa. Asiyekula anakosea sawa na mlafi. Je, yuko mtu yeyote aliyewahi kufundisha kwamba asiyekunywa pombe anakosea sawa na mlevi? Sasa ubeti wa chakula na usingizi unahamishwaje mpaka kaunta?

Sisemi kwamba dini yote ya Kihindu imekataa pombe. Hilo nalo ni kosa, na hulisikia kwa watu wanaochanganya Mhindi na Mhindu. (Mhindi ni asili, Mhindu ni dini. Mgoa Mkatoliki, Kalasinga, Bohora na Ismailia wote mtaani kwetu wamekuwa "Wahindi", kisha mtu anashangaa mbona Mhindi huyu anakunywa na yule hanywi.) Wahindu wenyewe wamebishana juu ya kileo kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Ila wamebishana kwa maswali mengine. Swali la glasi ngapi halikuwa kubwa. Maswali yalikuwa: nani anakunywa, ameapa nini, mbele ya mungu gani, na kilevi chenyewe ni kipi.

Hilo la mwisho nalipita haraka. Ukisikia "hata miungu yao ilikunywa soma", jua kwamba soma ni mmea uliopondwa, maji yake yakachujwa kwa sufu na kuchanganywa na maziwa kwa ajili ya kafara. Pombe yenyewe kwa Kisanskriti inaitwa sura. Shatapatha Brahmana, kitabu cha kale cha mambo ya kafara, inaziweka mbalimbali kabisa: soma ni kweli na nuru, sura ni uongo na giza. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinataja sura za aina tatu, ya sukari guru, ya unga wa nafaka na ya maua ya mti wa madhuka, na zinawakataza tabaka tatu za juu. Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, anayekunywa anahesabiwa katika dhambi kuu, jirani na muuaji.

Kisa cha katazo hilo kimo katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu. Kijana Kacha alitumwa kwa Shukra, mwalimu wa maasura, yaani maadui wa miungu, akajifunze mantra ya kufufua wafu. Maasura wakamuua mara moja, mara mbili, naye Shukra akamrudisha. Mara ya tatu wakamchoma, wakasaga majivu, wakayakoroga kwenye sura, wakampa Shukra mwenyewe. Akanywa. Jioni Devayani, binti yake, analia: Kacha hajarudi. Shukra anaita, na sauti inamjibu kutoka tumboni mwake mwenyewe. Ikabidi amfundishe mantra kijana aliyemo tumboni, ili atoke kwa kumpasua, kisha amfufue mwalimu wake. Shukra aliposimama tena hakusema "nilizidisha". Alisema, tangu leo Brahmini atakayekunywa sura amepotewa na dharma, njia ya haki. Kikombe kilikuwa kimoja tu.

Ukitaka ushahidi wa upande wa wanywaji, upo, na ni bora kuliko Gita. Manu huyo huyo, sura ya 5, ubeti wa 56: hakuna kosa katika kula nyama, wala katika pombe, wala katika kujamiiana, ndiyo mwendo wa viumbe. Hapo wengi hufunga kitabu. Ubeti haujaisha: lakini kuacha kuna matunda makubwa. Wafafanuzi wa zamani wakaongeza kwamba "hakuna kosa" inahusu pale tu paliporuhusiwa. Angalau mwalimu wangu angeanzia hapa tungekuwa na cha kuzungumza, maana ubeti huu unamwona binadamu alivyo, haumtukani, kisha unamwonyesha pengine pa kwenda.

Na kuna mahali pombe inaingia mpaka kwenye madhabahu. Ujjain, katika jimbo la Madhya Pradesh, kwenye hekalu la mungu Kal Bhairav, muumini anafika na chupa yake, kuhani anaifungua, anamimina kwenye kisahani, anakiinamisha mdomoni pa sanamu, na kileo kinashuka taratibu mpaka kisahani kikauke. Inayobaki kwenye chupa hurudishiwa mwenyewe kama prasadi, yaani kilichokwisha kutolewa kwa mungu. Kathmandu, sikukuu ya Indra Jatra, bia ya mchele hutiririka kwa mrija kutoka kinywani mwa kinyago kikubwa cha Bhairav, vijana wanasukumana kuikinga kwa midomo. Njia ya Tantra ya mkono wa kushoto, ile ya ibada za siri, nayo ina ibada ya vitu vitano, na madya ni kimojawapo. Lakini hapo pia hesabu si ya chupa mbili. Ni ibada ya aliyepewa mamlaka na guru wake, na wasiofikia huko hutumia mbadala, kwa mfano maji ya nazi. Kularnava Tantra, kitabu cha watu wa njia hiyo hiyo, kinawakejeli wanaodandia: kama ukamilifu ungepatikana kwa kunywa, walevi wote wangekuwa wamekamilika.

Upande wa pili kabisa wako wanaokataa hata prasadi. Shikshapatri, waraka ambao Swaminarayan, kiongozi wa dini, aliwaandikia wafuasi wake Gujarat mwaka 1826, unasema pombe isinywewe kamwe, hata ile iliyotolewa kwa mungu. Hao ndio majirani zetu: sehemu kubwa ya Wahindu wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, na mahekalu ya Swaminarayan yapo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala. Ukimpelekea mmoja wao ile hoja ya "yukta ni kiasi" hatakasirika. Atakukaribisha chai.

Kwa hiyo kati ya Bhairav anayenyweshwa na Swaminarayan anayekataza, kuna nafasi kubwa, na Mhindu anayekunywa bia yake Jumamosi yumo mahali fulani humo, wala mimi si kuhani wake. Daktari naye akimwambia apunguze, huo ni ushauri wa afya, mzuri, afuate. Tatizo langu ni dogo tu: asiuite yukta. Yukta haipimi glasi, inamtazama mnywaji. Inauliza hatamu ziko mkononi mwa nani, na mtu anaweza kuwa hajanywa tone mwaka mzima farasi bado wanamburuza.

Baada ya darasa nilimfuata mwalimu akikunja mkeka. Nikamwambia kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu na mgongo wangu ameutibu yeye. "Mwalimu, shikamoo. Lile neno la yukta, si kiasi kile cha kupimia." Akanisikiliza mpaka kwenye nira na farasi, akakuna ndevu. "Marahaba. Sasa niwaambie nini? 'Aliyefungwa nira' watadhani nawasema wake zao." Nikamwambia ajaribu "aliyejishika". Akalirudia mara mbili, polepole, kama anayeonja chumvi.

"Aliyejishika," akasema. "Na zile mbili?"

Nikamwambia zile mbili ni zake, asimsingizie Krishna.