Mzazi wa watoto wadogo apumzike lini? Maswali na majibu

Nina mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi minane. Nikiwaacha hata kwa saa moja najiona mama mbaya. Nakosea?

Hukosei kuwapenda, ila mwili wako nao una haki yake. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na mwenye mtoto mchanga huamshwa kila baada ya saa 2 au 3. Usingizi ukikatikakatika wiki baada ya wiki, hasira huwa karibu, usahaulifu huzidi na maradhi madogo hayaishi. Wazee wa pwani walilijua hili: mzazi alikaa ndani siku 40, akakandwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto akabebwa na bibi na mashangazi. Siku hizi wengi wamepanga chumba na sebule mbali na ndugu, na arobaini yenyewe haifiki.

Sina dada wa kazi. Muda huo nautoa wapi?

Usingoje kazi ziishe, maana haziishi. Kaa na mwenzako mpange siku, saa na mtu wa kushika watoto. "Naomba unisaidie siku moja" haimfungi mtu. Sema hivi: "Baba Asha, Jumamosi saa 10 natoka, narudi saa 12, watoto unao wewe." Kama unalea peke yako, kubaliana na jirani unayemwamini: Jumatano ukae na wa kwake, Ijumaa akae na wa kwako.

Kabla hujatoka, zungusha macho kwa urefu wa mtoto. Ndoo ya maji ifunikwe au imwagwe, jiko la mkaa liondolewe, mafuta ya taa na dawa viwekwe juu. Na tafadhali, mtoto wa miaka minane si mlezi wa mdogo wake. Ukichagua kituo cha kulelea watoto mchana, uliza kama kimesajiliwa, kisha hesabu mwenyewe kila mlezi ana watoto wangapi.

Huyu mdogo bado ananyonya.

Kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa hadi muda wa saa 4, kwa hiyo kwa joto la Dar es Salaam la Januari yawahishe kwenye friji, ambako hukaa hadi siku 4. Anywe kwa kikombe kidogo, amekalishwa wima, bila kumiminiwa mdomoni.

Na baba je?

Baba naye huchoka, na wanaume pia hupata sonona mtoto anapozaliwa. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3, hivyo wengi hurudi kazini kabla hawajajifunza hata kumwogesha mtoto. Lakini anayepitia kijiweni kila jioni hadi saa 3 usiku ameshapata mapumziko yake. Ya mama nayo yahesabiwe.

Nikitoka nifanye nini?

Lolote lisilo kazi ya nyumbani: kulala kwa dada yako, kusuka nywele, mazoezi ya kwaya, kutembea. Kwenda sokoni kununua nyanya hakuhesabiki. Wala kushika simu kitandani hadi saa 6 usiku, maana hapo unajinyima usingizi.

Nitajuaje kuwa huu si uchovu tu?

Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida, na hupita ndani ya wiki 2. Huzuni ikizidi hapo, ukakosa hamu ya kula, ukashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, au ukaona humtaki, mweleze muuguzi siku ya kliniki ya kumpima mtoto uzito. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Linatibika, na zipo dawa za anayenyonyesha. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na mtu.

Na mtoto akilia hadi hasira zikakupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, upumue, umwite jirani. Usimtikise kamwe: mtoto mchanga akitikiswa, ubongo huweza kuvuja damu. Kulia peke yake kwa dakika hizo hakumdhuru.