Ukisikia harufu ya nusu kaputi thieta, gesi imeshazidi

Muuguzi mgeni akiingia chumba cha upasuaji hulalamikia harufu tamutamu ya halotheni, dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke. Wiki mbili baadaye haisemi tena. Amezoea, na sisi wa kitengo cha usingizi tulimtangulia kuzoea.

Pua si kipimo. Mwaka 1977 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 2 za mvuke wa aina hiyo katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kwa naitrasi oksaidi, gesi nyingine ya usingizi, sehemu 25. Kwa kiwango kidogo hivyo wengi wetu hatunusi chochote. Ukiisikia harufu, mpaka umeshavukwa.

Kichwa kuuma, kizunguzungu na uchovu mwishoni mwa zamu ndiyo malalamiko ya kawaida. Suala la ujauzito lina mjadala mrefu. Mwaka 1967 Vaisman, wa Umoja wa Kisovieti, aliripoti mimba 31 za madaktari wa usingizi, na 18 kati yake ziliharibika. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, na za mwanzo zilikuwa na kasoro nyingi. Lakini kwamba naitrasi oksaidi huidhoofisha vitamini B12 mwilini, hilo halina ubishi.

Gesi hutoka wapi? Barakoa isiyobana vizuri, hasa mtoto anapolazwa usingizi huku akipiga mateke. Dawa inayomwagika tunapojaza vepuraiza, kifaa kinachoigeuza kuwa mvuke. Mashine iliyofunguliwa kabla barakoa haijafika usoni. Katika hospitali nyingi ndogo, valvu ya kutolea pumzi hutema kila kitu karibu na uso wa mtoa usingizi. Kiyoyozi cha ukutani nacho huturudishia hewa ileile, ila imepoa tu! Barakoa ya upasuaji, hata ile ya N95, haizuii gesi.

Pasipo mfumo wa kunyonya gesi, fundi aunganishe bomba pana kwenye valvu na kulitoa nje ya jengo, mbali na madirisha ya wodi. Lisiwe jembamba wala kukunjika, maana pumzi ikikwama mgonjwa ndiye atakayeumia. Mikebe ya mkaa hunasa halotheni na mwenzake isoflureni, lakini naitrasi oksaidi hupita bila kuguswa. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambebesha mwajiri jukumu hili, kwa hiyo kuomba bomba si kudeka.

Mama mjamzito amwambie mkuu wa kitengo mapema, asisubiri tumbo lionekane. Na mkuu asimhamishie chumba cha kuzindukia akidhani amemwepusha: wagonjwa waliotoka thieta bado wanapumua gesi ile, tena karibu na uso wa anayewainamia, na mara nyingi chumba chenyewe kina dirisha moja lililofungwa.